Maisha ya Edward Whymper, Mpanda Milima

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro tumezoea kuwaona wageni wakipita na fimbo zao na mizigo yao kwenda Kibo. Na warudipo twawauliza neno moja tu, kama wamefika juu. Ni wachache waulizwao jinsi walivyoshuka. Walakini viongozi na wapagazi wa mlima wajua yakini ya kuwa kazi ya mlima ni tatu: kuufikia mahali panapofaa, kuupanda, na kuushuka. Ya tatu humjia mtu wakati miguu imechoka na moyo umekwisha kufurahi. Kwa hiyo mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya Edward Whymper, Mwingereza, aliyejifunza kazi ya kwanza kuliko wenzake wote, akaifanya ya pili kwa ushindi mkubwa, na katika ya tatu akapatwa na huzuni asiyoisahau hata kufa kwake.

Edward Whymper alizaliwa London tarehe 27 Aprili mwaka wa 1840, mtoto wa pili katika watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga picha katika mbao, kwa maana siku zile picha za vitabu zilichongwa kwanza katika ubao mgumu, ndipo zikapigwa chapa. Edward alipopata miaka 14 alitolewa shuleni, akatiwa katika kazi ya baba yake. Akakaa mezani siku kwa siku na kisu chake kidogo, akijifunza kutazama sana kila mstari na kila kivuli. Kazi ile ilimchosha, kwa maana moyo wake ulitamani safari za mbali. Lakini jicho alilolipata pale mezani lilimfaa baadaye kuliko nguvu za mikono yake.

Mwaka wa 1860 mwenye kupiga chapa vitabu mmoja wa London, jina lake William Longman, alimtuma kijana huyu kwenda katika milima ya Alps ili achore picha zake. Alps ni milima mirefu iliyo kati ya Uswisi, Italia na Ufaransa, nayo ina theluji na mito ya barafu mwaka mzima. Whymper alikuwa na miaka 20, wala hajapata kuona mlima mkubwa maishani mwake. Alikwenda kama fundi aliyetumwa kazi, akarudi kama mtu aliyeshikwa na kiu.

Siku zile vilele vingi vya Alps vilikuwa vimekwisha kupandwa, ila mmoja uliokuwa ukiwashinda watu ulikuwa Matterhorn, ambao Waitalia huuita Cervino. Urefu wake ni mita 4,478. Umesimama peke yake kama jino, nusu yake Uswisi juu ya mji mdogo wa Zermatt, na nusu yake Italia juu ya malisho ya Breuil. Pande zake ni magenge matupu, na mawe huanguka mchana na usiku. Watu wa mabonde yale walisema ya kuwa juu yake kuna mji ulioharibika, nao wakaao humo ni pepo na roho za waliopotea. Hata viongozi hodari walipoalikwa kwenda huko walikataa, au walikubali kwa kusitasita na kurudi upesi.

Mmoja tu hakuogopa, naye ni Jean-Antoine Carrel wa kijiji cha Valtournenche upande wa Italia. Alikuwa amepata kuwa askari, mtu mwenye kiburi cha haki na mwenye kuupenda mlima ule kama shamba la baba yake. Aliona ya kuwa haifai mtu mwingine kuufikia kwanza, wala kwa upande mwingine ila upande wa kwao. Whymper alifika Breuil mara ya kwanza mwaka wa 1861, akajaribu kupanda kwa mgongo wa mlima ulio upande wa Italia, asifaulu. Akarudi mwaka wa 1862, akajaribu mara baada ya mara. Akarudi tena mwaka wa 1863. Safari nyingine alikwenda pamoja na Carrel, safari nyingine bila yeye. Kila mara upepo, au theluji, au ugumu wa mwamba, au ugomvi wa wenzake ulimrudisha nyuma.

Katika Julai mwaka wa 1862 alikwenda peke yake. Akalala katika hema lake juu ya mgongo wa mlima, na kesho yake akapanda hata mahali ambapo mtu hajapata kufika bado. Basi, katika kushuka aliliacha shoka lake hemani, kwa sababu alitaka kurudi siku nyingine. Chini kidogo palikuwa na kona ya genge ambapo alikuwa amekata vidato katika theluji ngumu wakati wa kupanda. Lakini jua la siku nzima lilikuwa limekwisha kuviyeyusha vidato vile. Hakuwa na shoka la kukata vingine. Akajaribu kupita hivyo hivyo, akateleza, akaanguka kama mita 60, akirushwa kutoka mwamba hata mwamba. Akasimama katika mdomo wa korongo, na mbele ya miguu yake palikuwa na shimo la mita 240 kwenda chini mpaka mto wa barafu. Damu ilimtoka kichwani kwa nguvu. Akachukua bonge la theluji akalibandika juu ya jeraha, akajikokota mpaka mahali salama, na hapo akazimia. Alipozinduka jua lilikuwa linakuchwa. Akashuka gizani mpaka Breuil bila kuteleza tena, na watu wa huko wakamwosha majeraha kwa divai chachu iliyotiwa chumvi. Baada ya siku chache tu alipanda tena mlima ule ule.

Wasomaji wataona ya kuwa hapa mlima ulimfundisha neno kubwa. Njia ya kupanda asubuhi siyo njia ile ile jioni, ijapokuwa mtu apita mahali pale pale. Theluji iliyokuwa ngumu imelegea. Jiwe lililoshikwa na barafu limefunguka. Na mtu mwenyewe si yule wa asubuhi. Apandaye huutazama mwamba mbele ya uso wake, na mkono hutangulia mguu. Ashukaye hutafuta kwa mguu mahali asipopaona, na uzito wote wa mwili wamvuta aendako.

Tukirudi katika kazi ya kwanza, yaani kuufikia mlima, hapo ndipo jicho la mchongaji wa picha lilipofaa. Watu wote waliotazama kutoka Zermatt waliona uso wa mashariki wa Matterhorn umesimama kama ukuta, nao wakasema haupandiki kabisa. Whymper naye alisadiki hivyo kwanza. Lakini alipozunguka na kuutazama kutoka ubavuni, aliona umelala kuliko ulivyodhaniwa. Tena aliona ya kuwa theluji hukaa juu ya uso ule wakati wote wa kiangazi. Akafikiri moyoni ya kuwa theluji haiwezi kukaa hivyo juu ya ukuta uliosimama wima. Kisha akayatazama matabaka ya mawe. Upande wa Italia matabaka yameinama nje, kama vigae vya paa, nayo humtelezesha mtu. Kwa hiyo, alifikiri, upande wa pili lazima yameinama ndani, nayo yatakuwa kama ngazi. Hivyo mahali palipoogopwa kuliko pote kwa sababu ya sura yake palikuwa ndipo penye njia. Watu walikuwa wameutazama uso ule miaka mingi kutoka mahali pamoja tu.

Mwaka wa 1865, mwezi wa Julai, Whymper alikuja Breuil akitaka kwenda na Carrel. Lakini Carrel alikuwa amekwisha kujifunga kwa Waitalia waliotaka heshima ya mlima iwe ya taifa lao, na mkubwa wao pale alikuwa Felice Giordano. Whymper hakuambiwa wazi. Asubuhi moja aliamka akasikia ya kuwa Carrel na watu wake wamekwisha kuondoka kwenda mlimani na vyakula na kamba. Akaona amedanganywa, akakasirika sana. Wala hakuwa na kiongozi wala wapagazi. Siku ile ile alifika kijana mmoja Mwingereza, Lord Francis Douglas, mwenye miaka 18. Naye alikuwa na habari ya kuwa kiongozi wake, mzee Peter Taugwalder wa Zermatt, aliona huenda upande wa Uswisi ukapandika. Wakavuka pamoja mpito wa barafu mpaka Zermatt tarehe 12 Julai.

Huko Zermatt wakamkuta Charles Hudson, mchungaji wa kanisa la Uingereza, mwenye miaka 36, aliyesifiwa kuwa mpanda milima bora katika wote wasiofanya kazi hiyo kwa mshahara. Alikuwa na kiongozi Michel Croz, Mfaransa wa bonde la Chamonix, mtu mwenye nguvu nyingi, ambaye Whymper alimpenda kwa kuwa walikuwa wamesafiri pamoja zamani. Na Hudson naye alikuwa anataka kwenda Matterhorn. Wakaona haifai makundi mawili kuupanda mlima mmoja siku moja, wakaungana jioni ile. Hudson alikuwa na rafiki yake kijana, Douglas Hadow, mwenye miaka 19. Whymper aliuliza kama kijana huyu anaweza kazi ile. Hudson akajibu ya kuwa Hadow amepanda Mont Blanc kwa muda mfupi kuliko watu wengi. Jibu hili likamtosha Whymper. Walakini Mont Blanc ni mlima wa theluji, na mtu aweza kuupanda kwa miguu yenye nguvu tu. Matterhorn ni mlima wa mwamba, hutaka miguu iliyofundishwa. Hivyo kundi zima lilifanyizwa kwa usiku mmoja, kwa haraka, kwa sababu Carrel alikuwa upande wa pili akipanda.

Wakaondoka Alhamisi tarehe 13 Julai, saa 11 na nusu alfajiri. Walipofika penye mgongo wa kaskazini-mashariki wakageuka kuingia uso wa mashariki, na tazama, mambo yalikuwa kama Whymper alivyofikiri. Mahali palipoonekana kutoka mbali kama ukuta, mtu aliweza kutembea, hata mahali pengine kukimbia. Wakapiga hema kama mita 3,350 juu, kabla ya jua kupinduka. Kesho yake wakapanda kama watu wapandao ngazi kubwa, na mara nyingi hawakuhitaji kamba. Karibu na kilele uso ule ulisimama mno, ikawapasa kuhamia upande wa kaskazini. Hapo palikuwa na mwamba uliofunikwa na theluji na ngozi nyembamba ya barafu, na mahali pa kushika ni pachache. Si mahali pagumu kwa mzoefu. Lakini Hadow alihitaji kusaidiwa kila hatua. Njia haikuwa ndefu, nao walikaribia mno kutazama nyuma.

Saa 7 na dakika 40 mchana, tarehe 14 Julai 1865, Whymper na Croz walifungua kamba zao wakakimbia juu ya theluji ya mwisho, wakafika kileleni pamoja. Whymper akatafuta nyayo za watu, asizione. Akachungulia upande wa Italia, akawaona Carrel na wenzake mbali chini kama vidoadoa juu ya mgongo wa mlima. Yeye na Croz wakapiga kelele, wakasukuma mawe yaporomoke upande ule ili wasikiwe. Waitalia wakageuka wakarudi. Croz akavua shati lake la juu akalifunga katika mti wa hema iwe bendera. Wakakaa saa moja wakitazama nchi pande zote. Hapakuwa na wingu.

Katika saa ile moja, ndugu wasomaji, mambo matatu yalikuwa yakingoja kufikiriwa. La kwanza ni mpango wa kushuka. Whymper na Hudson waliupanga: Croz atangulie, amfuate Hadow, kisha Hudson, kisha Lord Douglas, kisha mzee Taugwalder. Kwa desturi ya milima mtu hodari kuliko wote hushuka nyuma, ili awazuie walio mbele wakiteleza. Hapa Croz aliwekwa mbele ili amsaidie Hadow kuweka miguu. La pili ni kamba ya kufunga katika mwamba, iachwe pale penye mahali pagumu iwe msaada wa mkono. Whymper alimshauri Hudson hivyo, na Hudson akakubali; wala haikufanywa. La tatu ni kamba za kujifungia. Walikuwa na za namna tatu, mbili imara, na ya tatu nyembamba na kuukuu, iliyochukuliwa ili ikatwe na kuachwa juu ya miamba. Whymper hakutazama ni ipi iliyotumika. Alikuwa amebaki nyuma akichora picha ya kilele. Kisha akakumbushwa ya kuwa majina yao hayajaandikwa na kuwekwa katika chupa, akaketi kuyaandika. Wenzake wakafungana. Kati ya mzee Taugwalder na Lord Douglas ikafungwa ile kamba dhaifu.

Whymper akajifunga na Peter Taugwalder kijana, mwana wa mzee, wakawafuata wenzao, wakawakuta pale penye mahali pagumu. Wakati ule walishuka mmoja mmoja, kila mtu akisimama imara kabla mwenzake hajasogea. Ilipokaribia saa 9, Lord Douglas, ambaye alikuwa mdogo kuliko wote, aliomba Whymper ajifunge kwa mzee Taugwalder, kwa kuwa aliogopa mzee hataweza kuwazuia wote peke yake mtu akiteleza. Whymper akafanya hivyo. Hazikupita dakika nyingi.

Croz alikuwa ameliweka shoka lake kando, akaishika miguu ya Hadow akaiweka mmoja mmoja mahali pake. Akageuka ili ashuke hatua moja mwenyewe. Hapo Hadow akateleza, akamwangukia Croz mgongoni, na wote wawili wakaenda chini. Hudson akang'olewa pale aliposimama, na Lord Douglas baada yake. Mzee Taugwalder na Whymper waliposikia sauti ya Croz walijishika katika miamba kwa nguvu zao zote. Kamba ikakazika, ikawashtua kama mtu mmoja. Wakashika. Ndipo kamba ikakatika katikati, kati ya mzee na Lord Douglas. Waliobaki wakawaona wenzao wakiteleza kwa migongo yao, mikono imenyoshwa kutafuta kushika, mpaka wakatoweka mmoja mmoja ukingoni. Shimo lile hata mto wa barafu ulio chini ni karibu mita 1,200.

Kwa muda wa nusu saa wale watatu hawakuweza kusogea. Taugwalder na mwanawe walilia, miguu ikiwatetemeka. Baadaye wakaanza kushuka tena, na sasa kila mahali pagumu walifunga kamba katika mwamba kwanza. Whymper alipoiomba ile kamba iliyokatika, akaitazama, aliona kwa hofu ni ya namna gani. Jioni waliona katika ukungu upinde mkubwa na ndani yake misalaba miwili, wakaogopa sana. Whymper mwenyewe alijua ya kuwa jua hufanya ishara kama hizo katika ukungu, ila moyo haukutulia kwa kujua. Usiku ukawakuta juu ya bamba la jiwe lililotosha watu watatu kwa shida. Wakakaa hapo mpaka kulipopambazuka, wakafika Zermatt Jumamosi asubuhi.

Jumapili Whymper alitaka kwenda kuwatafuta. Viongozi wa Zermatt walikuwa tayari, lakini mapadre wao waliwaonya ya kuwa atakayekosa ibada ya asubuhi atatengwa na kanisa, na mmoja wao akasema kwa machozi ya kuwa hana sababu nyingine ya kukataa. Twawaachia wasomaji kuyapima haya. Sisi tulio wachungaji na walimu twajua jinsi ilivyo vigumu kuilinda sheria njema bila kumzuia mtu katika kazi ya huruma. Wakaenda viongozi wa mabonde mengine, na Waingereza kadha wa kadha, na mmoja wao alikuwa mchungaji, rafiki wa Hudson. Wakawaona Croz, Hadow na Hudson juu ya barafu. Wakasoma sala za maziko pale pale. Mwili wa Lord Douglas haukuonekana, wala haujapata kuonekana hata leo. Siku chache baadaye wale watatu walichukuliwa wakazikwa Zermatt.

Baraza likakaa, Whymper na mzee Taugwalder wakaulizwa, na hakuna aliyehukumiwa kuwa na hatia. Lakini hukumu ya vinywa vya watu haina mwisho. Wengine walinong'ona ya kuwa mzee Taugwalder aliikata kamba ili ajiokoe. Whymper aliushuhudia uwongo wa neno hili, na kamba yenyewe, ambayo imewekwa katika nyumba ya kumbukumbu za kale huko Zermatt, yaonyesha ya kuwa ilikatika kwa kuvutwa. Walakini Whymper mwenyewe aliacha shaka nyingine, akauliza hadharani kwa nini mzee alitumia kamba dhaifu. Tukisoma habari hizi hatuwezi kumsifu kwa hilo. Kamba zilikuwa chini ya ulinzi wake yeye kama za mwingine yeyote, na nafasi ya kuzitazama ilikuwapo, ila alikuwa akiandika majina katika chupa. Jina la mzee Taugwalder lilichafuka. Akaenda Marekani kwa muda, kisha akarudi, akafa mwaka wa 1888 karibu na mlima ule.

Siku tatu tu baada ya Whymper kufika kileleni, tarehe 17 Julai, Carrel naye alifika kwa upande wa Italia. Walikwenda wanne, na mmoja wao alikuwa padre Amé Gorret. Karibu na kilele palikuwa na korongo la kushukia, na yeyote atakayelishuka hawezi kulipanda tena wakati wa kurudi asipokuwapo wa kumsaidia kutoka juu. Basi padre Gorret, aliyekuwa na hamu ya mlima ule tangu miaka mingi, alibaki pale na mwenzake Augustin Meynet, ili Carrel na Jean-Baptiste Bich waweze kwenda na kurudi. Aliona kilele karibu naye, akakaa akingoja. Na wote wanne walirudi nyumbani wazima.

Whymper alikuwa na miaka 25 tu. Aliishi miaka 46 tena. Alikwenda Greenland mara mbili, mwaka wa 1867 na 1872, na mwaka wa 1871 akatoa kitabu chake cha safari za Alps, chenye picha alizozichonga kwa mkono wake mwenyewe. Humo aliyaandika mambo yote ya siku ile, na mwisho akawaonya watakaomfuata ya kuwa uzembe wa dakika moja waweza kuharibu furaha ya maisha yote. Mwaka wa 1880, tarehe 4 Januari, alifika kilele cha Chimborazo katika nchi ya Ecuador, mita 6,263, ambacho hakuna aliyepata kukifikia kabla yake. Na wasomaji watafurahi kusikia ni nani aliyekuwa kiongozi wake: ni Jean-Antoine Carrel, yule yule. Watu wawili walioshindana hata mmoja akaporomosha mawe kutoka kileleni ili mwenzake asikie walikuwa wamekwisha kupatana, wakafungwa kwa kamba moja.

Carrel alikufa mwezi wa Agosti mwaka wa 1890. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, naye alimwongoza kijana mmoja wa Torino, Leone Sinigaglia, juu ya Matterhorn kwa upande wa Italia. Dhoruba ya theluji ikawashika, wakafungiwa katika kibanda cha mlimani siku mbili. Chakula kilipokuwa kinakwisha, Carrel aliamua kushuka. Kwa muda wa saa nyingi, mchana na usiku, aliwatangulia katika upepo na barafu juu ya miamba aliyoijua kuliko mtu yeyote, mpaka akawafikisha mahali ambapo hatari imekwisha. Hapo ndipo nguvu zikamwishia. Alianguka, akafa karibu na malisho ya kwao. Aliokuwa akiwaongoza wakapona. Whymper alipopata habari alimsifu kwa moyo wote.

Whymper mwenyewe aliendelea kusafiri, akaenda hata Canada alipokuwa mtu mzima sana. Alikuwa mpweke, mkavu wa maneno. Alioa mwaka wa 1906, akapata binti mmoja, lakini ndoa haikudumu. Mwaka wa 1911 alirudi Chamonix, nchi ya Croz. Akaugua katika hoteli, akajifungia chumbani mwake, akakataa waganga, akafa tarehe 16 Septemba, mwenye miaka 71. Akazikwa huko huko chini ya milima.

Miaka 24 baada ya siku ile ya Matterhorn, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, nao walikata vidato katika barafu kwa desturi zilizopatikana kwa watu kama Whymper na Croz. Tangu hapo watu wengi wamepita vijijini mwetu kwenda juu. Na siku hizi magenge ya Matterhorn yamefungwa kamba nene za kudumu mahali pagumu, zile ambazo Hudson na Whymper walikubaliana kuzifunga wasizifunge. Hata hivyo watu zaidi ya 500 wamekufa juu ya mlima ule, na wengi katika wao walikuwa wakishuka.

Basi, sisi tunaopewa watu wa kuongoza, shuleni au usharikani au nyumbani, tumeona katika habari hizi watu watatu. Mmoja aliiona njia ambayo wengine hawakuiona, akafika juu kwanza, naye hakuitazama kamba. Wa pili alibaki karibu na kilele ili wenzake wapate kurudi. Wa tatu aliwashusha watu wake katika dhoruba, akalala chini baada ya mwisho wao kufika salama. Jina la kwanza ndilo linalojulikana ulimwenguni. Lakini wakati wa kurudi utakapofika, na jioni inaingia, na aliye dhaifu yu mbele yetu juu ya mwamba, twajua ni yupi katika hao tungependa afungwe nasi katika kamba moja. Nao waliofungwa nasi wanatutazama vivyo hivyo.